Fedha Zilizosahauliwa: Namna ya Kutafuta Mafao na Akiba Zilizoachwa Nyuma

Tuanze na mfano. Mfano wenyewe tumeutunga, lakini kila kilichomo ndani yake kinafanana na yale ambayo wananchi huja nayo mkononi wanapotaka ushauri.

Mama mmoja mkaazi wa Jang'ombe amemaliza eda. Mume wake amefariki akiwa na umri wa miaka 66, na juu ya kabati ameacha kopo la biskuti. Ndani ya kopo mna kitabu cha akiba cha posta ambacho muhuri wake wa mwisho ni wa mwaka 1991. Kadi ya NPF aliyopewa alipokuwa kijana akifanya kazi katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Hati nane za mshahara kutoka hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Na laini ya simu iliyokunjwa ndani ya karatasi. Mama ana watoto watatu nyumbani. Marehemu ana mtoto mwengine, mtu mzima, aliyeko Wete kwa mke wa kwanza. Swali la mama ni jepesi kulitamka: karatasi hizi ni fedha au ni takataka?

Hakuna anayeweza kumjibu kwa kuzitazama tu. Tunachoweza kumwambia ni kwamba fedha za aina hii mara nyingi hazikuibiwa wala hazikupotea. Zimekaa pale pale zilipowekwa, ila zimeandikwa kwa jina ambalo mwenyewe aliacha kulitumia, katika taasisi ambayo nayo imebadilisha jina lake. Kwa hivyo anayezitafuta anatafuta majina kwanza, na fedha baadaye. Somo hili linaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo bila ya kumlipa mtu yeyote.

Jina lako limeandikwaje?

Kabla ya kutoka nyumbani, kaa chini na karatasi moja tupu. Andika kila namna ambayo jina la mwenye fedha limewahi kuandikwa. Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Khamis wa Unguja akifika Dar es Salaam huandikwa Hamisi. Fatma huwa Fatuma, Saleh huwa Salehe, Salim na Salum hubadilishana kila karani anapobadilika. Abdalla huongezwa herufi ya mwisho. Mtu anayejulikana kwa jina lake, la baba na la babu, alipoajiriwa huenda aliandikwa majina mawili tu, au jina la tatu likawa la ukoo. Wapo pia walioajiriwa kwa jina la utani kwa sababu msimamizi hakujua jengine.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina matatizo yake. Wazee wengi waliandikishwa kwa makisio, na makisio ya mwaka 1975 hayakuwa lazima yafanane na makisio yaliyoingia katika Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi miaka mingi baadaye. Tafauti ya miaka miwili katika kumbukumbu inatosha kumfanya karani aseme hakuna mtu kama huyo.

Ukienda dirishani na jina moja, ukaambiwa halipo, usiondoke. Omba watafute kwa namba ya uanachama, kwa jina la mwajiri na miaka ya kazi, kisha kwa kila tahajia uliyoiandika. Kumbukumbu ikipatikana na jina likawa halilingani na kitambulisho, utahitaji hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Hati hiyo huapwa mbele ya mwanasheria au mahakamani, na ni vyema iambatane na barua ya sheha. Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: hati ya kiapo itaje majina yote kwa mara moja. Tumeona watu wakiapa mara tatu kwa taasisi tatu, na kila mara wakilipia.

Jina la taasisi nalo limebadilika

Kadi ya NPF iliyomo katika kopo la mama wa Jang'ombe haina ofisi tena inayoitwa hivyo. Mfuko huo wa akiba wa Tanzania Bara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na mwaka 1997 ikatungwa sheria iliyounda NSSF kuchukua nafasi yake. Anayeshika kadi ya zamani ya NPF, basi, anaelekea NSSF.

Kwa waliofanya kazi katika utumishi wa umma upande wa Bara, au katika taasisi za Muungano zilizopo hapa Zanzibar, njia ni nyengine. Palikuwa na mifuko minne: PPF ya mashirika ya umma, PSPF ya watumishi wa Serikali, LAPF ya serikali za mitaa na GEPF. Yote minne iliunganishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kuanzia tarehe 1 Agosti ya mwaka huo kazi zake zikabebwa na mfuko mmoja, PSSSF. Mtu mwenye kadi ya PPF ya miaka ya themanini asikae akiitafuta ofisi ya PPF. Mkoba wa kumbukumbu zake uko PSSSF.

Hapa lazima tuseme kweli isiyopendeza. Mfumo wa NPF ulikuwa wa akiba, si wa pensheni, na wafanyakazi wengi waliochukua njia nyengine walidai akiba yao walipoacha kazi. Huenda mume wa mama wa mfano wetu alilipwa siku nyingi, akaibakisha kadi kama ukumbusho wa ujana. Kadi ni ushahidi kwamba michango ilikuwepo; si ushahidi kwamba bado ipo. Ndiyo sababu swali sahihi la kuuliza dirishani ni hili: "Michango iliyowekwa kwa namba hii ilikuwa kiasi gani, na je, ilikwisha kulipwa, lini na kwa nani?" Swali hilo lina jibu la maandishi. Swali la "fedha zangu ziko wapi" huishia kwenye mabishano.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar

Hati nane za mshahara kutoka hotelini ndizo karatasi zenye matumaini makubwa zaidi ndani ya kopo lile, ingawa ndizo zilizochakaa zaidi.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Wanachama wake ni watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na mashirika yake, pamoja na wafanyakazi wa sekta binafsi, wakiwemo wa mahoteli. Makao makuu yako Kilimani, mwendo wa miguu tu kutoka Jang'ombe, na upande wa Pemba ipo ofisi Chake Chake. Wakaazi wa Jang'ombe wanaopita Michenzani kila siku wanalijua jengo kubwa la maduka la Michenzani Mall. Jengo hilo ni kitegauchumi cha Mfuko huu. Mfanyakazi wa zamani wa hoteli anayelipita akidhani hana haki yoyote ndani ya Mfuko, pengine mchango wake umo ndani ya ukuta ule.

Tatizo la wafanyakazi wa mahoteli ni kwamba kazi zao hukatika. Msimu mmoja Nungwi, msimu mwengine Kiwengwa, mwaka wa tatu Paje. Kila mahali mkataba mpya, na kila mahali ofisa wa rasilimali watu mwenye namna yake ya kuandika majina. Uanachama wa Mfuko ni wa mtu, na haupaswi kufa kwa sababu kazi imekwisha. Lakini ikiwa mfanyakazi hakuitaja namba yake ya zamani alipoajiriwa upya, inawezekana amesajiliwa tena kama mtu mpya. Matokeo yake ni vipande viwili au vitatu vya michango, kila kimoja kikionekana kidogo. Ukigundua una namba zaidi ya moja, andika barua ya kuomba kumbukumbu ziunganishwe, na ufanye hivyo ungali kazini, kwa sababu baada ya kustaafu kila mwezi wa kusubiri unausikia mfukoni.

Jambo la pili, ambalo huwashinda wengi: jina lililoandikwa kwenye kibao cha hoteli mara nyingi silo jina la kampuni iliyosajiliwa kuwa mwajiri. Hoteli huuzwa, hubadilisha kibao na kupakwa rangi mpya, na kampuni ya nyuma yake ikawa nyengine kabisa. Anayeuliza michango yake kwa jina la kibao huambiwa mwajiri huyo hajulikani. Tazama hati ya mshahara, mkataba, au kadi ya kazi. Juu au chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo lilipo jina la kampuni. Ikiwa huna karatasi yoyote, watafute wenzako wawili mliofanya kazi pamoja. Mmoja wao huenda ameshadai mafao yake na anaijua kampuni iliyowachangia.

Je, ikiwa hati ya mshahara inaonesha makato lakini Mfuko hauna mchango? Mwajiri aliyekata mshahara wa mfanyakazi na asiuwasilishe mchango amevunja sheria, na deni hilo ni la mwajiri, si la mfanyakazi. Peleka malalamiko kwa maandishi Mfuko wenyewe, ambatanisha nakala za hati za mshahara, na toa nakala kwa Kamisheni ya Kazi. Usitoe hati za asili. Hati nane za miezi minane haziwezi kuthibitisha miaka kumi na moja ya kazi, lakini zinatosha kufungua jalada, na jalada likishafunguliwa mwajiri ndiye anayetakiwa kujieleza.

Wapo wanaokata tamaa mapema kwa kusikia kwamba miaka yao ni michache. Kwa upande wa NSSF na PSSSF, pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180 ya michango. Kila mfuko una masharti yake, na mwanachama ambaye muda wake haukutosha asiondoke dirishani akidhani hana kitu. Aulize ni malipo gani ya mkupuo anayostahiki, na kama miaka aliyochangia katika mfuko mwengine inaweza kuhesabiwa. Aombe jibu hilo kwa barua.

Watumishi wa Serikali walioajiriwa kabla ya mwaka 1998 wakumbuke kwamba Mfuko haukuwepo walipoanza kazi. Kumbukumbu za miaka hiyo wazitafute kwa wizara au idara iliyowaajiri: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, na za kuhamishwa.

Neno moja kuhusu pensheni jamii, kwa sababu linachanganya watu. Mpango huu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ulianza mwaka 2016 kwa wazee waliotimia miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ukapandishwa hadi shilingi 50,000. Hautokani na michango ya mtu yeyote. Wapo wazee wanaoamini kwamba kwa kupokea pensheni jamii wamekwisha kulipwa haki zao zote. Sivyo. Ikiwa uliwahi kuchangia ZSSF, NSSF au mfuko mwengine, madai yako huko ni jambo jengine.

Vitabu vya benki

Kitabu cha posta cha mwaka 1991 kina safari yake. Benki ya Posta Tanzania ilitengwa na shirika la posta mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 2021 ikabadilishwa jina kuwa Benki ya Biashara Tanzania, inayojulikana kwa herufi TCB. Mwenye kitabu cha zamani aanzie hapo. Vivyo hivyo, Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, sehemu ikawa NBC tunayoijua leo na sehemu ikawa NMB, kwa hivyo mwenye kitabu cha kabla ya mwaka huo asishangae akitumwa benki moja kisha nyengine. Barclays ya Tanzania imekuwa Absa tangu mwaka 2020. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa mwaka 1966, angalau imebaki na jina lake.

Akaunti isiyotumika kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa imelala. Kuiamsha si kazi kubwa kwa mwenyewe aliye hai: kitambulisho, kitabu au namba ya akaunti, picha, na subira. Ikiwa miaka imekuwa mingi sana, sheria ya mabenki ya mwaka 2006 inazitaka benki kupeleka mali zilizoachwa na wenyewe Benki Kuu ya Tanzania. Hata hapo, anza na benki yako. Ndiyo yenye kumbukumbu, na ndiyo itakayokuonesha kama fedha zimekwisha kuhamishwa na hatua zinazofuata.

Lakini tuwe waadilifu kwa msomaji. Shilingi 4,000 za mwaka 1991 zilikuwa fedha za maana. Leo hazifiki kilo mbili za mchele, na makato ya kila mwezi huenda yamezimaliza zamani. Kabla ya kutumia nauli, hati ya kiapo na siku mbili za kazi kwa ajili ya kitabu cha aina hii, uliza kwanza kwa mdomo salio la mwisho linalojulikana. Kuna karatasi ambazo ni bora kuziweka kama kumbukumbu ya mzee.

Wengine waliziacha akaunti zao kwa makusudi, kwa kuogopa riba. Tunaiheshimu hofu hiyo. Hata hivyo, fedha alizoziweka mtu mwenyewe ni zake, na anaweza kuomba taarifa inayotenganisha alichoweka na kilichoongezwa na benki. La kufanya na hicho cha pili atamuuliza mwanachuoni anayemuamini.

Na ikiwa benki yenyewe imefungwa? Benki ya FBME ilifutiwa leseni Mei 2017, na Januari 2018 zikafungwa benki ndogo kadhaa za Bara. Wenye amana katika benki zilizofungwa hulipwa na Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule kinga ilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mtu mmoja. Tangu mwaka 2023 kiwango kimekuwa shilingi 7,500,000. Anayedai zaidi ya kinga husubiri sehemu yake katika ufilisi wa mali za benki. Aliyekuwa na akaunti huko na hajawahi kudai, aiandikie Bodi moja kwa moja.

Fedha ndani ya simu

Laini iliyokunjwa ndani ya karatasi inaanza na 0777. Kwa miaka mingi namba hizo za Zantel ndizo zilizokuwa namba za Zanzibar, na watu waliweka akiba ndogo ndogo kwenye Ezypesa bila ya kumwambia yeyote. Zantel baadaye iliungana na Tigo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2024 majina yote mawili yamekuwa Yas, huduma ya fedha ikiitwa Mixx by Yas. Aliyekuwa na salio Ezypesa anaulizia huko.

Laini isiyotumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwengine. Usijaribu kubahatisha namba ya siri ya marehemu. Na ukiwa unaijua, usiitoe fedha hiyo kimya kimya. Fedha zilizomo kwenye simu ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba. Nenda duka la huduma la kampuni ukiwa na cheti cha kifo, kitambulisho chako na hati ya usimamizi wa mirathi.

Ikiwa mwenye fedha amefariki

Hapa ndipo mama wa Jang'ombe atakapokwama, na hapa ndipo familia nyingi zinapogombana, kwa hivyo tutasema kwa kirefu kidogo.

Mifuko na benki hazimlipi mtu kwa kuwa ni mjane au ni mtoto mkubwa. Zinamlipa aliyethibitishwa kisheria. Kwanza hupatikana cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Ikiwa kifo kilitokea nyumbani na hakikusajiliwa, barua ya sheha ndiyo mwanzo. Jina katika cheti cha kifo lilingane na la kitambulisho. Kosa la herufi moja likipita hapa litazaa kiapo kipya kila dirisha. Lisome jina kabla ya kuondoka, hata kama karani anaharakisha foleni.

Kisha mirathi. Kwa Waislamu wa Zanzibar masuala ya mirathi husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husimamia na kugawa mirathi kwa mujibu wa sharia. Wasiokuwa Waislamu hufuata njia ya mahakama za kawaida. Warithi wote hutajwa. Wote. Mtoto wa Wete hataachwa nje kwa sababu hakuhudhuria hitima, wala kwa sababu mama yake aliachwa miaka mingi nyuma. Tunayasema haya waziwazi kwa kuwa ndilo kosa linaloonekana dogo siku ya kujaza fomu na likawa kubwa siku ya malipo: mrithi aliyefichwa akijitokeza, malipo yote husimama, na aliyetia saini anatakiwa kurejesha.

Zingatia pia kwamba mtu aliyeandikwa katika fomu ya mfuko au ya benki kuwa wa kuarifiwa au wa kupokea si lazima awe mmiliki wa kila kitu. Wengi wamejaza fomu hizo wakiwa vijana, wakamwandika kaka au mama, kisha wakaoa na kuzaa. Mafao ya warithi yana utaratibu wake ndani ya sheria ya kila mfuko, na huenda mjane na watoto wadogo wana haki zinazosimama mbali na mirathi ya kawaida. Muulize ofisa wa mfuko maswali mawili kwa kuyatenganisha: nini kinalipwa kwa wategemezi, na nini kinaingia katika mirathi.

Mjane aliye ndani ya eda si lazima azunguke ofisini. Anaweza kumpa mtoto au ndugu anayemuamini barua ya uwakilishi ya kufuatilia taarifa. Kufuatilia taarifa, tunasema. Kupokea fedha ni jambo jengine, na ruhusa ya kupokea isitolewe pamoja na ya kuuliza.

Waliofanya kazi nje ya nchi

Familia nyingi za Jang'ombe zina mtu aliyefanya kazi Mombasa, Muscat au London. Kenya ina taasisi mahususi ya kusimamia mali za fedha zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Benki, kampuni za simu, bima na makampuni ya hisa hupeleka huko fedha ambazo wenyewe hawajulikani waliko, na mtu anaweza kutafuta kwa jina au namba ya kitambulisho bila ya malipo. Warithi nao wana fomu zao. Michango ya uzeeni iliyowekwa katika NSSF ya Kenya huulizwa huko huko, wala isichanganywe na NSSF ya Tanzania kwa sababu ya kufanana majina.

Uingereza ina huduma ya Serikali ya kutafuta mifuko ya pensheni ya waajiri wa zamani, iitwayo Pension Tracing Service. Ni bure. Haikwambii kama una fedha. Inakupa anwani ya mfuko, na wewe ndiye unayeuandikia. Kwa pensheni ya Serikali ya huko, utaratibu mpya ulioanza Aprili 2016 kwa kawaida unahitaji angalau miaka 10 ya michango. Inaweza kulipwa hadi Zanzibar, ila kwa anayeishi huku kiwango hakipandi kila mwaka kama kinavyopanda kwa aliyebaki kule. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kufungasha mizigo.

Oman kwa mfanyakazi mgeni mara nyingi hakuna mfuko wa kuutafuta, bali kiinua mgongo anachodaiwa mwajiri. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 imekiweka kuwa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Madai ya aina hii yana ukomo wa muda, kwa hivyo adai kabla hajapanda ndege ya kurudi.

Watu wa kukusaidia kwa malipo

Sote tumewahi kupokea ujumbe usemao ile fedha itume kwenye namba hii. Siku hizi ujumbe umebadilika sura: unasema mafao yako ya zamani yamepatikana, na ili yatoke ulipe ada ya jalada. Hakuna mfuko wala benki inayomtaka mdai atume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili alipwe haki yake. Wala hakuna ofisa anayehitaji namba yako ya siri.

Wapo pia wasiokuwa matapeli, bali mawakala wa mitaani wanaojua foleni na kuahidi kuharakisha kwa fungu la mafao, mara nyingine robo nzima. Hatuwezi kusema kila mmoja wao ni mwizi. Tunachosema ni kwamba kazi wanayoifanya ni kuandika barua na kusubiri, na barua hiyo kijana yeyote aliyemaliza skuli nyumbani kwako anaweza kuiandika. Hasa usitie saini karatasi inayomruhusu wakala kupokea malipo katika akaunti yake.

Ukikataliwa

Usiridhike na jibu la mdomo. Andika barua fupi yenye jina, namba ya uanachama au ya akaunti, miaka inayohusika na unachokiomba, ipeleke nakala mbili, na moja irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Lalamiko dhidi ya benki hupelekwa kwanza kwa benki yenyewe. Usiporidhika ndipo uiandikie Benki Kuu, ambayo ina tawi Zanzibar. Malalamiko ya kampuni za simu huenda Mamlaka ya Mawasiliano, na ya bima Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Madai ya mafao huanzia mfuko husika, kisha ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria ya mfuko huo, na barua ya kukataliwa ndiyo utakayoulizwa mwanzo kabisa.

Mama wa mfano wetu tungemshauri aanze Kilimani na hati nane za hoteli, kwa sababu hapo ndipo penye michango ya karibu zaidi na mwajiri ambaye bado anaweza kuulizwa. Kadi ya NPF aiandikie barua kwa NSSF wakati anasubiri hati ya mirathi. Laini ya simu aishughulikie siku hati hiyo ikishatoka. Kitabu cha posta akiache mwisho. Na kabla ya yote hayo ampigie simu mtoto wa Wete, amsomee kila kilichomo ndani ya kopo.